London hadi Nairobi kwa Ndege Tangu 1931

Uzi ukivutwa juu ya tufe kutoka Heathrow, London, hadi Embakasi, Nairobi, umbali wake ni takriban kilomita 6,800. Ndege za mwanzo hazikuweza kuufuata uzi huo. Zilikwenda kwa kufuata mafuta, maji na mwanga wa mchana.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza, Imperial Airways, lilianzisha safari ya kila wiki kati ya London na Mwanza. Njia ilipita Misri, ambako abiria walipanda treni kutoka Alexandria hadi Cairo, ikafuata Nile mpaka Khartoum na Juba, kisha ikaingia Ziwa Victoria kupitia Port Bell na Kisumu. Mwaka uliofuata ilirefushwa hadi Cape Town, na Nairobi ikawa mojawapo ya vituo. Ndege ziliruka chini, zikitikiswa na hewa ya moto ya jangwani. Jua likizama, abiria walishushwa wakalale hotelini.

Mwaka 1937 zilikuja ndege kubwa za Short Empire, zenye injini nne, zilizotua majini. Zilitoka Southampton na kutua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Nairobi, makao makuu ya koloni, ikaachwa kando kwa kukosa ziwa. Barua zake zilichukuliwa Kisumu na ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege za aina hiyo zilitua Naivasha, hadi BOAC, shirika lililorithi Imperial Airways, lilipoachana nazo mwaka 1950.

Jeti ya kwanza ya abiria duniani, Comet ya BOAC, iliondoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na bado ikafika katika muda usiotimia saa 24. Nairobi ilirukwa tena. Miaka miwili baadaye Comet mbili zilipasuka angani karibu na Italia kwa sababu ya uchovu wa metali, Comet zote zikasimamishwa.

Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958. Ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui. Uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa hupata nguvu kidogo na injini hudhoofika, hivyo ndege iliyojaa huhitaji njia ndefu ya kurukia. Ya Embakasi ina zaidi ya kilomita nne. Jeti ya VC10 ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo: injini zake ziliwekwa mkiani ili mabawa yabaki wazi. East African Airways ilianza kuzitumia mwaka 1966.

Leo safari hiyo bila kutua njiani huchukua kama saa nane na nusu. Kwa kuwa njia ni ya kaskazini na kusini, upepo hauipunguzii wala kuiongezea muda mwingi. Kinachoiongezea ni siasa: tangu vita vizuke Sudan Aprili 2023 na anga yake kufungwa, ndege hulazimika kuizunguka nchi ambayo zamani ndiyo ilikuwa kituo chao kikuu.