Nguvu za kiume zikipungua ukiwa kwenye dawa za skizofrenia

Kila tunapozungumzia afya ya akili hewani, kuna swali ambalo wanaume hulileta kwa ujumbe mfupi tu, hawapigi simu. Tangu nianze dawa, hamu imekwisha. Au: hamu ninayo, lakini uume hausimami. Je, ni dawa, au ndiyo nimeisha?

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi ni dawa, madaktari wanaifahamu hali hiyo, na zipo njia za kuirekebisha bila kuacha tiba. Jibu refu tumeliandika hapa ili ulisome polepole ukiwa peke yako, bila redio kusikika nyumba nzima.

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, aamini kwamba anafuatiliwa au anategwa, mawazo yavurugike, na baadaye ajitenge na watu. Kwa wanaume huanza zaidi kati ya mwisho wa ujana na miaka ishirini na kitu. Huo ndio umri wa kutafuta mchumba, kuoa na kupata mtoto wa kwanza. Kwa hiyo kijana anapoambiwa atumie dawa kwa miaka, suala la unyumba kwake si dogo hata kidogo.

Dawa zinazopatikana zaidi katika vituo vyetu ni za zamani. Klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili huko Ufaransa mwaka 1952, na haloperidoli ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Ipo pia sindano ya flufenazini inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa, ambayo wengi wanaiita Modecate. Hospitali kubwa huwa na mpya zaidi, kama risperidoni na olanzapini. Zote zinasaidia. Zimewarudisha watu wengi shambani, dukani na kwa familia zao. Lakini katika baadhi ya tafiti, nusu ya wanaume wanaozitumia au zaidi wana tatizo fulani la tendo la ndoa. Kama limekupata, hauko peke yako.

Dawa inafikaje huko chini?

Ubongo una kemikali iitwayo dopamini. Kwa mgonjwa wa skizofrenia, dopamini hufanya kazi kupita kiasi katika baadhi ya sehemu za ubongo, na dawa huifungia njia. Sauti hupungua, hofu hutulia. Shida ni kwamba dopamini hiyo hiyo ndiyo inayoamsha hamu, na pia ndiyo breki ya homoni iitwayo prolaktini.

Prolaktini tunaifahamu zaidi kwa mama anayenyonyesha, kwa sababu ndiyo inayotengeneza maziwa. Wanaume nao wanayo, kidogo. Dawa ikiifungia dopamini, breki inaachia na prolaktini inapanda. Ikipanda sana, homoni ya kiume hushuka. Hapo hamu hupotea, uume hulegea, na kwa wengine matiti huvimba au kuuma, mara chache hata kutoa maziwa. Mwanaume anayeona hivyo hupata hofu kubwa, na majirani wakijua wanaweza kumpa jina baya. Hajageuka mwanamke. Prolaktini imepanda, na inaweza kushushwa.

Baadhi ya dawa, klopromazini ikiwamo, hugusa pia mishipa inayosukuma shahawa. Mtu anaweza kuchelewa sana kumaliza, au akafika kileleni na kisitoke kitu, kwa sababu shahawa zimerudi kwenye kibofu cha mkojo. Haziumizi huko, zitatoka na mkojo. Ila mtoto hatapatikana kwa njia hiyo, kwa hiyo wanandoa wanaohangaika kupata mimba waliseme jambo hili kliniki kabla ya kuanza kulaumiana.

Dawa hazifanani. Risperidoni, haloperidoli na flufenazini hupandisha sana prolaktini. Olanzapini hupandisha kidogo zaidi, ingawa nayo huleta unene na sukari, ambavyo mwishowe huathiri nguvu za kiume. Kwetiapini na aripiprazoli haziipandishi sana, na aripiprazoli huweza hata kuishusha.

Wala si kila tatizo ni la dawa. Skizofrenia yenyewe hupunguza hamu. Pombe, sigara, bangi, kisukari, presha na baadhi ya vidonge vyake vina mchango wao. Benzheksoli, kidonge kinachotolewa kuzuia kukakamaa na kutetemeka, nacho kinaweza kuongeza shida. Ndiyo maana mhudumu atakuuliza ilianza lini, kabla ya dawa au baada, na kama uume husimama wenyewe alfajiri. Jibu bila kuona haya. Maswali hayo ndiyo yanayomwonyesha chanzo.

Kuacha dawa kimyakimya

Hapa ndipo tunapotaka usome kwa makini, na kama unamhudumia ndugu mwenye ugonjwa huu, usome mara mbili.

Mwanaume anaona nguvu zimekwisha, anaacha dawa bila kumwambia mtu. Wiki za kwanza anajisikia vizuri: usingizi umepungua, hamu inarudi, anaamini kwamba dawa ndizo zilikuwa ugonjwa wake. Kisha baada ya wiki au miezi sauti zinarudi. Kuacha dawa huongeza mara kadhaa uwezekano wa ugonjwa kurudi. Anapelekwa kliniki, familia inaapa kwamba alikuwa anameza kila siku, na daktari, akiamini dozi haikutosha, anaiongeza. Dozi kubwa inaleta shida kubwa zaidi ya unyumba, naye anaacha tena. Nyumbani wengine wameshasema ni kurogwa. Mzunguko huu unaweza kuvunja ndoa na kumaliza miaka ya mtu, na chanzo chake ni jambo ambalo lingesemwa kwa dakika tano.

Kwa nini halisemwi? Siku ya kliniki foleni ni ndefu, mgonjwa amesindikizwa na mama yake au kaka yake, na aliyeketi mezani ni sista wa umri wa binti yake. Kwa maoni yetu lawama hapa si ya mgonjwa. Mhudumu anayempa mtu dawa hizi anapaswa kumwuliza kuhusu unyumba kama anavyouliza kuhusu usingizi na kula. Asipouliza, una haki ya kuomba msindikizaji asubiri nje, au uonane na mhudumu wa kiume. Maneno hayahitaji kuwa mengi: “Dokta, tangu nianze dawa hii, mambo ya chumbani yamebadilika. Sijaacha dawa, ila naomba msaada.” Ukiwa umeshaacha, sema pia. Bila kujua hilo, daktari anaweza kukosea dozi.

Anachoweza kufanya kinategemea kituo. Kama umeanza dawa karibuni, huenda akakuomba usubiri kidogo, kwa kuwa wengine mwili huzoea. Anaweza kupunguza dozi taratibu, na wakati mwingine hilo pekee linatosha. Anaweza kukubadilishia dawa au kukuongezea aripiprazoli pale inapopatikana. Prolaktini hupimwa kwa damu, lakini zahanati nyingi hazina kipimo hicho, hivyo ulizia rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, au kwa walio karibu, Mirembe huko Dodoma au Muhimbili. Wapo pia wanaosaidiwa na sildenafili, kidonge cha kusimamisha uume, lakini kiandikwe na daktari. Hakichanganywi na dawa za moyo za aina ya naitreti, na kikikutana na klopromazini kinaweza kushusha presha ukaanguka.

Tukiwa hapo, tuzungumzie vumbi la Kongo na unga mwingine unaouzwa mnadani na stendi. Hujui kilichomo ndani. Katika nchi mbalimbali, dawa za “asili” za nguvu za kiume zimepimwa na kukutwa zimechanganywa na sildenafili kwa siri, bila kipimo chochote. Na kama tatizo lako ni prolaktini, unga huo hauishushi.

Mke naye aambiwe. Mwanamke anayeona mume amegeukia ukutani kila usiku hafikirii homoni. Anafikiri kuna mwingine, au hapendwi tena. Wengi wakielezwa huwa wa kwanza kumtetea mume asiache dawa, na huenda naye kliniki. Kwa kijana ambaye hajaoa, mtu wa kumweleza anaweza kuwa mjomba, babu, au rafiki anayejua kufunga mdomo.

Kuna hali moja isiyosubiri siku ya kliniki. Dawa hizi, mara chache sana, husababisha uume kusimama bila hamu na kukataa kulala, kwa maumivu. Ikizidi saa 4, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na uwaambie dawa unayotumia. Ukichelewa, uume unaweza kuharibika usisimame tena maishani.

Kwa wanaochomwa sindano, mjue kwamba dawa hiyo hukaa mwilini kwa wiki nyingi. Kuruka sindano moja hakurudishi nguvu wiki ijayo, na hata daktari akikubadilishia dawa leo, huenda ikachukua miezi kadhaa kabla ya kuona tofauti. Hudhuria tarehe zako kama kawaida, na kila ukienda mweleze mhudumu hali ya chumbani imefikia wapi.