Sampuli si Mfano: Fundisho la Kahawa ya Moshi

Mara nyingi watafsiri na walimu wa takwimu hulieleza neno "sampuli" kwa neno "mfano". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini maneno hayo hayana budi kutenganishwa. Ushahidi unapatikana Moshi.

Katika miaka ya 1920 Moshi ilipata kiwanda cha kukoboa kahawa, na mwaka 1933 KNCU ilisajiliwa ili kuuza kahawa ya wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro. Mnunuzi hawezi kuonja kahawa yote. Kwa hiyo bambo huchomwa katika magunia, punje chache hutolewa, hukaangwa, husagwa, kisha huonjwa. Punje hizo ndizo sampuli. Shehena yote ndiyo kundi zima. Lau mkulima angejichagulia punje zilizo nzuri, angetoa mfano wa kahawa bora, wala si sampuli. Mfano huteuliwa ili ueleze; sampuli huteuliwa kwa nasibu ili iwakilishe.

Serikali nayo imeitumia njia hiyo. Katika sensa ya Tanganyika ya mwaka 1948, watu wote walihesabiwa kwanza, kisha sehemu yao tu ikaulizwa maswali zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 1934, Jerzy Neyman alikuwa amefafanua faida ya kuligawa kundi lisilolingana katika matabaka, na kuteua sampuli ya nasibu katika kila tabaka. Kilimanjaro yadai utaratibu huo: vihamba vya migomba na kahawa havifanani na mashamba ya mahindi ya tambarare. Mpimaji atakayekagua vihamba vya kando ya barabara ya Marangu peke yake atapata jibu lenye upendeleo, na wingi wa vihamba hautaliondoa kosa hilo.

Kutokana na sampuli hupatikana "makadirio". Maofisa wamelizoea neno hili katika bajeti, yaani fedha zinazotarajiwa. Katika takwimu ni thamani ya kundi zima iliyokokotolewa kutokana na sampuli, na ukubwa wa kosa lake waweza kupimwa. "Makisio" hayana kipimo hicho.

Jambo hili si la kamusi tu. Ripoti ikiandika "mfano wa wakulima", msomaji hawezi kujua kama walichaguliwa kwa nasibu au kwa uzuri wa mashamba yao. Na mbolea ya wilaya nzima yaweza kugawiwa kwa kufuata ripoti hiyo.