Kasuku wa Kwenda Ikombe

Ombi lenyewe lilinifikia kwa simu, usiku, kutoka kwa binti wa dada yangu aliyeolewa Kyela. Mavyaa wake, bibi mfinyanzi wa kijiji cha Ikombe, alikuwa amefiwa na mumewe miezi saba kabla yake. Watoto wametawanyika, mmoja Mbeya na wawili Dar es Salaam, na nyumba imebaki na vyungu na sauti ya ziwa. Bibi alitaka ndege wa kukaa naye, wala hakutaka ndege yeyote tu. "Anataka kasuku, Mjomba," binti akaniambia, "tena awe anasema. Na wewe uko Unguja, huko ndiko kwenye kasuku."

Nilimjibu kwamba nitatazama. Mtu aliyezoea kutafuta neno la kufaa mahali pa neno hudhani kwamba kutafuta ndege wa kufaa nyumba ni kazi nyepesi. Nilichokikuta ni historia ndefu ya watu kuchagua ndege, na sehemu yake kubwa imepita papa hapa mlangoni petu.

Kwanza, kasuku si wa Unguja. Yule tumwitaye kasuku bila ya kuongeza neno, wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ni ndege wa misitu mikubwa ya Kongo na ya Afrika ya Magharibi. Upande wetu wa mashariki hukomea Uganda, msitu wa Kakamega na pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. David Livingstone alimkuta Manyema alipokaa huko kati ya 1869 na 1871. Ili ndege wa Manyema afike pwani wakati ule, njia ilikuwa ile ya Kasongo, Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, njia ya miezi mingi, ya pembe za ndovu na ya watumwa. Sisi watunzi hupenda kumweka kasuku katika shairi akiwa ndani ya tundu lake barazani, kana kwamba alizaliwa hapo. Hatuulizi aliletwa juu ya mabega ya nani.

Nyumba kubwa za kisiwa hiki zilifuga ndege wa kila namna. Bibi Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anausimulia ua wa Mtoni wenye tausi, heroe, kanga, bata na mbuni wakitembea watakavyo, pamoja na paa. Hao ni ndege wa kutazamwa. Kasuku wa kijivu hakununuliwa kwa ajili ya macho, maana rangi yake ni ya jivu la jikoni. Alinunuliwa kwa ajili ya masikio. Na mwenye kununua ulimi hupenda kusahau kwamba ulimi huo una tumbo, na tumbo lina maisha.

Lakini katika vitabu vya Mashariki, kabla ya huyu wa kijivu, ufasaha ulikuwa wa kijani. Waajemi humwita tuti. Mwaka 1330 hivi, Ziya al-Din Nakhshabi aliandika kwa Kiajemi kitabu cha tuti, akiifuata hadithi ya Kihindi iliyo ya kale zaidi, ile ya Kisanskriti ya mikasa 70 ya kasuku. Yeye alizifanya hadithi 52 kwa mausiku 52. Mume kasafiri, mke kabaki peke yake na kishawishi cha kutoka usiku, na ndege wa nyumba anamzuia kila jioni kwa kisa kipya mpaka kunapambazuka. Huyo ndiye ndege wa nyumbani aliyetimia: mlinzi, msimulizi na mwenzi. Nimehangaika naye katika tafsiri zangu. Nikiandika "kasuku," msomaji wetu anamwona wa kijivu wa Manyema. Nikiandika "tuti," hamwoni mtu. Tuti wa vitabu hivyo ni kijani kitupu, mkia mrefu, na dume ana pete ya waridi shingoni. Ndugu zetu walioko Maskati wanamjua vyema, kwani amejaa katika miti ya bustani za huko.

Nilimfikiria kwa ajili ya Ikombe. Anasema vizuri, anastahimili, na huweza kufika miaka 25 na zaidi. Ila ana tabia moja: akitoroka, hafi. Ametoroka London akazaliana, ametoroka katika miji mingi ya Ghuba akazaliana. Naye katika Bara Hindi ni mwizi wa nafaka na matunda anayejulikana na kila mkulima. Kyela ni nchi ya mpunga na kakao. Sikutaka kuwa mtu aliyewapelekea wakulima wa Kyela adui mwenye pete ya waridi, kwa sababu tu bibi mmoja alikuwa mpweke.

Basi nikageukia cherero, kasuku wadogo wa Afrika, na hapa nakiri kwamba ushairi ulinipotosha. Kuna cherero mmoja aitwaye kwa jina la Nyasa. Ni kijani, uso wake rangi ya chungwa iliyoiva, na jicho limezungushiwa duara jeupe kama la wanja uliogeuzwa. Mwaka 1894 alipewa jina la kitaalamu, lilianae, kwa heshima ya Bibi Lilian Sclater, wa ukoo wa wataalamu wa ndege. Aliyempa jina hilo ni Kapteni George Ernest Shelley. Wapenzi wa ushairi wameshashtuka: naam, ni ukoo ule ule. Kapteni huyu alikuwa mtoto wa ndugu yake Percy Bysshe Shelley, yule mshairi aliyemwimba ndege wa mawinguni mwaka 1820. Ami alimsifu ndege asimwone. Mtoto wa ndugu aliwapima kwa rula, akaandika juzuu juu ya juzuu za ndege wa Afrika. Nikajiambia, ndege wa Nyasa na arudi Nyasa, na mkono wa akina Shelley uwe juu yake!

Ilikuwa fikra nzuri kwa shairi, mbovu kwa nyumba. Cherero huyo, pamoja na jina lake, makazi yake ni misitu mikavu ya kusini ya Malawi, kwenye Hifadhi ya Liwonde, na mabonde ya Luangwa na Zambezi. Ikombe iko kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, mahali pa mvua nyingi, chini ya Milima ya Livingstone. Tena cherero hasemi. Hupiga kelele, hutafuna mbao, huishi wawili wawili, na mapenzi yake yote humpa mwenzake. Wanaadamu kwake ni watu wa kuleta mtama.

Na historia ya nduguze si ya kuchekesha. Daktari Gustav Fischer, Mjerumani aliyekuja Zanzibar mwaka 1876 akafanya utabibu hapa mjini, alisafiri bara mara kadhaa akikusanya ndege. Mwaka 1883 alifika ziwa la Naivasha. Mwaka 1886, baada ya safari yake ya mwisho hadi pande za Ziwa Viktoria, alirudi Berlin akafa. Mwaka uliofuata Anton Reichenow alimpa jina lake cherero wa Tanzania ya kaskazini, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na mdomo mwekundu. Miaka 100 baadaye, mwaka 1987, ndege huyo wa Fischer ndiye aliyeongoza duniani miongoni mwa kasuku wa porini waliouzwa, na alitoka kwetu. Walijazwa masandukuni, wakaruka kwa ndege za chuma hadi Ulaya na Marekani, kwa sababu walikuwa wazuri na bei yao nafuu. Walionunua waliambiwa ni ndege wa mapenzi. Wengi, nadhani, walitazamia wapendwe wao. Waliotoroka au kuachiliwa Kenya wamefanya maskani huko huko Naivasha, wakachanganyika kwa ndoa na cherero wa shingo ya manjano, hata ukiwatazama leo huwezi kusema huyu ni nani wa nani. Daktari alifika Naivasha kwa miguu. Jina lake lilifika baadaye, likiwa ndani ya tundu.

Biashara ile ilifungwa Tanzania katika miaka ya 1990 kwa ndege huyo, Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kuingiza ndege wa porini, kwanza kwa muda mwaka 2005 na kisha moja kwa moja mwaka 2007, na mwaka 2016 serikali yetu ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwaka huo huo, huko Johannesburg, nchi za mkataba wa CITES zilimpandisha kasuku wa kijivu hadi Kiambatisho cha Kwanza, na tangu Januari 2017 haruhusiwi kuchukuliwa porini na kuuzwa kutoka nchi hadi nchi kwa biashara. Kwa hiyo mtu mmoja mjini Dar es Salaam aliponiahidi kasuku wa kijivu, msemaji, "bila ya usumbufu wa karatasi," nilijua ananiuzia nini. Nilimkatalia. Sikumkatalia upesi kama nilivyopaswa, maana ndege mwenyewe alikuwa ameshanisalimu.

Nikasafiri mikono mitupu: Mbeya, Tukuyu, Kyela, Ipinda, Matema, kisha mtumbwi kuambaa na mwamba hadi Ikombe. Wakisi wa huko ni wavuvi na wafinyanzi. Wanawake hufinyanga, na vyungu vyao hupakiwa mitumbwini na kupelekwa sokoni Matema. Nilimkuta bibi amekaa mkekani, udongo mikononi, kigae kikimzungukia chini ya chungu. Niliamkia kwa Kinyakyusa changu cha kuazima, akacheka, akanijibu kwa Kiswahili. Nikamweleza niliyoyapata, mmoja baada ya mmoja, kama dalali asiye na mali.

"Huyo wa kijivu," akauliza, "anaishi miaka mingapi?"

"Arubaini, bibi. Akitunzwa, hata sitini."

Akalainisha ukingo wa chungu kwa kidole. "Mimi nina sabini na miwili. Nikiondoka atasema na nani?"

Nimesoma juu ya kasuku miaka mingi, nami sikumbuki kukutana na swali hilo katika vitabu vya waliowanunua. Nilimweleza habari za Alex, kasuku wa kijivu ambaye Irene Pepperberg alimnunua dukani Chicago mwaka 1977. Mtaalamu huyo hakumchagua mwenyewe. Alimwachia mfanyakazi wa duka amtoe yeyote, isije ikasemwa kwamba alimteua mwenye akili. Ndege yule alijifunza rangi, maumbo na hesabu ndogo, lakini alizungukwa na watu wa kusema naye karibu kutwa nzima hadi alipokufa mwaka 2007, akiwa na miaka 31. Kasuku wa kijivu akiachwa peke yake huweza kujinyonyoa manyoya mpaka akabaki ngozi. Bibi akatikisa kichwa. Yeye mwenyewe hushinda ufuoni, au shimoni kwa udongo. Angeleta mpweke wa pili ndani ya nyumba.

Nikamsimulia na kisa cha Jalal al-Din Rumi, cha tajiri aliyekuwa na kasuku tunduni. Alipokuwa akienda Bara Hindi alimuuliza amletee nini, naye akamtuma salamu tu kwa kasuku wenziwe wa huko. Tajiri alipozifikisha, mmoja wao alitetemeka akaanguka amekufa. Aliporudi akahadithia, na wa tunduni naye akaanguka. Tajiri akalia, akamtoa, akamtupa nje. Ndege akaruka hadi juu ya mti. Yule wa kwanza hakufa, alikuwa akimpelekea jibu.

Bibi alicheka hadi akaacha udongo. "Tajiri alibeba barua mwenyewe asiisome!" Kisha akanyamaza kidogo. "Hakuna ndege aliyezaliwa tunduni, na mama yake tunduni, asiyekuwa na pa kutuma salamu?"

Yuko. Ni yule kasuku mdogo wa Australia, kijani na manjano, wakati mwingine buluu, ambaye John Gould aliwaleta wakiwa hai Uingereza mwaka 1840. Tangu hapo amezalishwa vizimbani vizazi hata vizazi. Chakula chake mtama na uwele na majani mabichi. Umri wake miaka 5 hadi 10. Dume huweza kushika maneno machache akifundishwa peke yake. Wakiwa wawili husemezana wao kwa wao, na maneno ya watu huwapita.

"Basi wawili," akasema bibi.

"Lakini hawatasema nawe."

"Waseme wao. Mimi nitasikia."

Tuliwapata kwa mfugaji mmoja Dar es Salaam azalishaye mwenyewe, na mume wa binti akaenda nao kwa basi, tundu limefunikwa kanga. Nilimwagiza jambo moja tu: kasuku wa kila namna hawawezi moshi, na kuchoma vyungu ni moshi, basi tundu likae upande wa ziwa. Bibi amewafinyangia kibakuli cha maji, kizito, wasiweze kukipindua. Mwezi wa Julai, upepo wa kusi ulipovuma, aliwahamishia chumbani kwake. Binti ananiambia kwamba kila jioni anawasemesha Kikisi, na kwamba dume kashika neno moja, ila watu wa nyumba hawajakubaliana ni neno gani.