Ekari Tano za Jeevanjee

Ukitoka Soko la Jiji na kushika Mtaa wa Muindi Mbingu kuelekea Chuo Kikuu cha Nairobi, utaikuta mkono wa kulia: bustani ya takriban ekari tano, iliyobanwa kati ya mtaa huo, Moi Avenue, Moktar Daddah na Monrovia. Kwa bei za ardhi za katikati ya Nairobi, ekari tano ni mali ya kumtoa mtu macho. Ajabu ya Bustani ya Jeevanjee ni kwamba ingalipo. Imepita mikononi mwa manispaa ya kikoloni, baraza la jiji, tume isiyochaguliwa na mtu, baraza tena, kisha kaunti, na imechakaa na kupakwa rangi upya mara nyingi. Anayetaka kujua jinsi ardhi ya umma inavyopotea katika miji yetu aanzie hapa. Kwanza ardhi hutelekezwa. Kisha hutangazwa kuwa haina faida. Halafu anatokea mwenye ramani ya jengo.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaota kandokando ya karakana na mahema ya wajenzi. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na wakuu wa serikali wakaamuru soko hilo lichomwe moto. Kufikia 1906 mji ulikuwa na wakazi zaidi ya elfu kumi na moja, waliogawanywa kwa rangi tangu siku za mwanzo: Wazungu juu penye hewa, Wahindi karibu na maduka, Waafrika walikoachiwa. Katika mji wa namna hiyo, mahali pa mtu wa kawaida kuketi bila kununua chochote hapakuwa jambo la kwanza akilini mwa watawala.

Aliyepatoa ni mfanyabiashara. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika pwani yetu mnamo 1890, akatajirika kwa kandarasi za reli, za kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwalisha. Alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa mwaka 1902, akaliuza mwaka 1905. Ndilo lililokuja kuwa East African Standard. Alijenga soko la kwanza la manispaa ya Nairobi. Akawa Mhindi wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na humo na nje yake akapinga waziwazi sera ya kuwatengea Wazungu peke yao nyanda za juu. Mwaka 1906 aliitoa bustani hii kwa watu wa Nairobi, na ndani yake akaweka sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na mwana wa malkia huyo, Duke wa Connaught.

Sanamu hiyo huwatatiza wengi, na ni haki iwatatize. Mtu aliyekataa ubaguzi wa dola alimsimamishia jiwe mtawala wa dola hiyohiyo. Lakini tukiusoma wakati wake tunaona hesabu iliyokuwamo: Wahindi wa Afrika Mashariki walidai haki zao kama raia wa Malkia, na sanamu ilikuwa sehemu ya dai hilo. Dai lenyewe halikuitikiwa. Nyanda za juu zilibaki za Wazungu, na Jeevanjee alipofariki mwaka 1936, utajiri wake mwingi ulikuwa umeyeyuka. Bustani ndiyo iliyobaki.

Majina ya mitaa inayoizunguka yalibadilika baada ya uhuru. Government Road iliitwa Moi Avenue. Upande wa pili jina la barabara lilikwenda kwa Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 walipotembea kutoka Machakos hadi Nairobi kupinga kuporwa kwa mifugo yao. Jina la Jeevanjee halikuguswa. Kilichobadilika ni idadi ya wanaoihitaji bustani. Sensa ya 1969 ilihesabu wakazi 509,286 wa Nairobi; ya 1989 ilihesabu 1,324,570. Katika miaka ishirini mji uliongezeka zaidi ya mara mbili, na katikati yake haikuongezwa bustani inayolingana na wingi huo.

Mwaka 1983 serikali ya Rais Moi ilivunja Baraza la Jiji na kuweka Tume ya Jiji, ambayo wajumbe wake walimwajibikia aliyewateua. Tume ilidumu hadi uchaguzi wa 1992. Ni katika kipindi hicho Nairobi ilipoanza kunuka: takataka zisizozolewa, mabomba makavu, taa za barabarani zilizozimika bila wa kuziwasha. Wengi husema jiji halikuwa na fedha. Fedha zilikuwa tatizo kweli, ila upungufu wa fedha hauelezi kwa nini viwanja vya umma vilikuwa vikipata hati za watu binafsi wakati huohuo. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kumaliza kazi yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati zipatazo laki mbili zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, nyingi zikiwa za miaka ya 1980 na 1990. Vyoo vya umma, viwanja vya kuchezea watoto, kingo za barabara, misitu: vyote vilikuwa na bei.

Nataka nieleze kazi ya kutelekeza, kwa sababu tunaizoea mpaka tunaiona kama hali ya hewa. Taa ikivunjika na isitengenezwe, akina mama huacha kupita jioni. Wakiacha kupita, wezi hupata nafasi. Choo kikifungwa, watu hujisaidia ukutani, na harufu huwafukuza waliokuwa wakila chakula cha mchana kwenye nyasi. Baada ya miaka michache afisa wa jiji anaweza kusimama mbele ya kamati na kusema, bila kudanganya, kwamba mahali hapo ni pachafu, ni pa hatari, na hapaingizii jiji hata senti. Kila neno ni kweli, na kila neno limetengenezwa na ofisi yake mwenyewe.

Mwaka 1991 ilikuwa zamu ya Jeevanjee. Mpango ulikuwa wa kujenga juu yake jengo la maegesho ya magari na biashara. Pigo hilo halikuja peke yake. Miaka miwili tu kabla, Wangari Maathai alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimama ndani ya Uhuru Park kwa ajili ya Kenya Times, gazeti la chama tawala cha KANU. Alitukanwa Bungeni, shirika lake la Green Belt Movement likafukuzwa katika ofisi za serikali, lakini wafadhili wa nje waliingiwa na mashaka na jengo halikujengwa. Watu wa Nairobi walikuwa wameona kwa macho yao kwamba serikali inaweza kurudi nyuma.

Aliyevibeba vita vya Jeevanjee ni Zarina Patel, mjukuu wa mtoaji. Akishirikiana na Maathai na wakazi wengine, alidai kwamba bustani ilitolewa kwa umma na kwamba tume ya jiji haikuwa na mamlaka ya kuigeuza kuwa kitu kingine. Mpango ukawekwa kando. Baadaye Patel aliandika kitabu kuhusu maisha ya babu yake, kilichochapishwa mwaka 1997, na kwa wasomaji wengi hapo ndipo Jeevanjee alipoacha kuwa jina la kituo cha kushukia matatu na kuwa mtu mwenye historia. Ninaamini ushindi ule ulitokana na mambo mawili yaliyokutana: kulikuwa na mtu aliyeweza kuonyesha bustani imetoka wapi, na kulikuwa na watu walioitumia kila siku. Moja bila jingine lisingetosha. Viwanja vingi vilivyonyakuliwa vilikuwa na moja tu.

Kile ambacho Nairobi iliponea chupuchupu kilikwisha kutokea kwingine. San Francisco, Marekani, ilichimba maegesho chini ya Union Square mwaka 1942. Los Angeles ikafuata: Pershing Square, uwanja wa umma tangu 1866, nao wa ekari tano, ulifumuliwa wote mwaka 1951 ili maegesho yawekwe chini yake. Miti mikubwa iliyokuwapo iliondoka, kwa kuwa juu ya paa la zege udongo ni haba. Njia za magari za kushukia chini zikauzunguka uwanja pande zote na kuukata na barabara za watembea kwa miguu. Uwanja ukadorora. Mwaka 1994 ukajengwa upya, kwa mnara wa zambarau na kuta zilizochorwa na Ricardo Legorreta wa Meksiko, na kuta hizo nazo zikalaumiwa kwa kuuficha uwanja kutoka barabarani. Mwaka 2016 shindano jingine la usanifu lilifanyika, na kundi lililoongozwa na Agence Ter ya Paris likachukua ushindi kwa kuahidi kuziondoa kuta na kuusawazisha uwanja na mtaa. Zaidi ya miaka sitini jiji tajiri limekuwa likilipa ili kurekebisha uamuzi wa kuyatanguliza magari.

Nairobi haikulipa gharama hiyo, na ndani ya bustani iliyookolewa kukamea kitu ambacho hakuna mbunifu angekichora. Wahubiri wa saa za mchana walikuwapo, na wapiga picha, na wafanyakazi wa maduka ya Biashara Street waliokuja kunyoosha miguu. Katika miaka ya 1990, mfumo wa vyama vingi ulipofungua midomo, mabenchi yakazaa Bunge la Mwananchi. Watu wasio na kazi, wanafunzi, wachuuzi na wastaafu walijadili bei ya unga, katiba na ufisadi kwa kanuni za mjadala walizojiwekea, na baadhi yao walikamatwa kwa maandamano yaliyoanzia kwenye majadiliano hayo. Watawala wengi wamelitazama bunge hilo kama kero. Mimi naliona kuwa mlinzi bora kuliko askari wa kanjo yeyote, kwa kuwa mahali penye watu mia wanaobishana kila siku hapawezi kuitwa pa bure.

Mwaka 2015 watu wasiojulikana waliiangusha sanamu ya Victoria na kuiharibu. Habari zake zilivuma kuliko habari za vyoo na taa za bustani hiyohiyo, ingawa aliyeketi pale aliumizwa zaidi na vyoo.

Siku hizi tishio limebadilika sura. Katiba ya 2010 imeilinda ardhi ya umma kwa maneno yaliyo wazi na kuunda Tume ya Taifa ya Ardhi, na mwenye nia ya kujenga ghorofa bustanini angekutana na mahakama. Neno linalosikika sasa ni ukarabati. Uhuru Park ilifungwa mwaka 2021 chini ya Nairobi Metropolitan Services, chombo kilichokabidhiwa kazi za kaunti mwaka 2020 na kuongozwa na jenerali wa jeshi, na wakazi wakakaa muda mrefu wakiitazama kupitia mabati. Sipingi ukarabati. Bustani inahitaji taa, maji, choo safi kisichobagua asiye na shilingi, na mtunza bustani anayelipwa mwisho wa mwezi. Ninachohofia ni uzio, saa za kufungwa, na orodha ya waliokatazwa ambayo huanza na mchuuzi wa karanga na kuishia kwa yeyote anayesema kwa sauti.

Zanzibar ilishughulikia Forodhani kwa namna inayofaa kutazamwa. Bustani ile ya ufukweni mbele ya Ngome Kongwe ilikuwa imechoka, mifereji na ukuta wa bahari vikidai kazi. Aga Khan Trust for Culture iliikarabati kwa makubaliano na serikali, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Wauza pweza, mishikaki na juisi ya miwa walirudi na meza zao za jioni, kwenye eneo lililopangwa kwa ajili yao. Yapo malalamiko kuhusu bei za watalii, na yana msingi. Hata hivyo familia za Mji Mkongwe bado huenda pale baada ya magharibi na watoto wao, jambo ambalo wakarabati wengi hawawezi kulisema kuhusu kazi zao.

Kwa Jeevanjee, kipimo kinaweza kuwekwa kabla jiwe la kwanza halijahamishwa. Michoro ibandikwe kwenye lango la Moi Avenue kwa Kiswahili, pamoja na gharama na jina la mkandarasi. Kazi ifanywe nusu kwa nusu ili upande mmoja ubaki wazi. Mabenchi yahesabiwe kabla na baada, na yasipungue. Na bajeti ya matunzo ya miaka kumi ipitishwe na bunge la kaunti siku ileile inapopitishwa ya ujenzi, maana taa mpya isiyo na fungu la kubadilishia balbu itaturudisha mwaka 1991.