Mkungu, Gunia na Kapu: Jina la Mikusanyo ya Namba Ghafi

Pale Maili Moja, Kibaha, muuza ndizi habandiki karatasi kwenye kila ndizi kueleza kwamba hii ni ndizi. Neno mkungu limeshamaliza kazi hiyo. Hakuna mkungu wa mihogo wala mkungu wa korosho. Vivyo hivyo kuni zina tita lake, noti zina bunda, kanga zina doti. Kapu, kwa upande wake, halichagui: ukiambiwa uchukue lile kapu, hujui umebeba nini mpaka ufunue.

Tofauti ya mkungu na kapu ndiyo inayobeba maana ya istilahi ambayo wanafunzi wetu wa kompyuta hukutana nayo mapema na kuielewa kwa tabu: mikusanyo mahususi ya namba ghafi.

Tuanze na namba yenyewe. Katika Java, lugha ya programu iliyotangazwa na Sun Microsystems mwaka 1995, zipo aina nane za thamani zinazohifadhiwa zilivyo, yaani ghafi. Mojawapo ni int, namba kamili inayochukua baiti 4, basi. Thamani nyingine zote ni objekti, yaani zimetiwa ndani ya kifungashio kinachobeba pia maelezo ya aina yake. Namba ileile ya int ikifungashwa, huitwa Integer.

Namba hufungashwa kwa sababu makapu ya Java, yaani mikusanyo yake ya jumla iliyoingizwa mwaka 1998, hupokea objekti tu. Tangu mwaka 2004 lugha hiyo huifungasha namba yenyewe, kimyakimya, kila inapotiwa kapuni. Mwandishi wa programu haoni kitu. Kumbukumbu ya kompyuta ndiyo inayoulipia mzigo huo.

Tuuone mzigo kwa korosho za Kisarawe. Chukua orodha ya uzito wa magunia milioni moja. Zikiwa namba ghafi, zinahitaji baiti milioni 4. Zikifungashwa, kwa kawaida kila moja huchukua baiti 16, na baiti 4 zaidi za kielekezi kinachoonyesha ilipo: jumla baiti milioni 20, mara tano. Tena zaweza kutawanyika. Ni kama kuifunga kila korosho kwenye karatasi yake, kuziweka katika nyumba mbalimbali, kisha gunia likabaki na vikaratasi vya kukuelekeza nyumba ipi ina korosho ipi. Kujumlisha uzito kunakuwa safari ya nyumba kwa nyumba.

Mkusanyo mahususi unairudisha korosho guniani. Maktaba ya programu za Java iitwayo fastutil, ya Sebastiano Vigna wa Chuo Kikuu cha Milano, ina mkusanyo uitwao IntArrayList. Ndani yake namba za int zimepangwa sambamba bila kifungashio. Aina imeandikwa mara moja, kwenye mkusanyo, kama alama inavyoandikwa juu ya gunia na si juu ya kila korosho.

Faida hii ina gharama zake. Kila aina inahitaji mkusanyo wake, ndiyo maana maktaba hiyo huzalisha matoleo yake mengi kutokana na violezo. Pia namba ghafi haiwezi kuwa "hakuna". Mkulima aliyeleta kilo sifuri na mkulima ambaye hajapimiwa bado ni watu wawili tofauti. Kwa int itabidi utafute alama nyingine ya kuwatenganisha.

Sasa maneno yenyewe. Nimechagua ghafi kwa sababu wenyeji wa Pwani wanalijua kutoka korosho ghafi, ile ambayo haijapita kiwandani. Neno la Kiingereza, primitive, linabeba sauti ya ukale na uduni, ambayo haihusiki hapa. Jina namba za msingi nalo linampeleka msomaji shule ya msingi. Namba ghafi haina uduni wowote: haijaongezewa kitu tu.

Mkusanyo nimeupendelea kuliko mkusanyiko. Mkusanyiko mara nyingi ni wa watu waliokusanyika wenyewe. Mkusanyo umefanywa na mkusanyaji. Na mahususi, si maalumu, kwa kuwa mgeni maalumu ni mtu wa heshima, ilhali mkusanyo huu haupewi heshima ya pekee. Umebanwa kwenye aina moja, na nguvu yake inatoka katika kubanwa huko.

Kapu halijapoteza kazi. Penye vitu vichache au vya aina mchanganyiko, ndilo linalofaa. Lakini mwalimu wa Kibaha au Kisarawe anayefika kwenye somo hili aanze na mkungu. Wanafunzi wake wamekuwa wakilijua jambo hili tangu walipojifunza kusema. Wanachosubiri ni kuonyeshwa kwamba kompyuta nayo ina mkungu wake.