Zidaka, Siwa na Nyumba za Makumbusho za Pwani

Husemwa mara nyingi kuwa nyumba za makumbusho ni desturi iliyoletwa Afrika ya Mashariki na marikebu za Wazungu, pamoja na bendera zao na daftari zao za kodi. Na kwa upande wa kanuni zinazoziendesha, usemi huo una sehemu yake ya kweli. Walakini mtu akiuchunguza mwambao wetu kuanzia Pate na Lamu mpaka Mombasa na Unguja, hatakawia kutanabahi kuwa ujuzi wa kukusanya vitu vizuri, kuvipanga kwa adabu na kuvitazama kwa taadhima ulikuwako huku karne nyingi kabla ya kuandikwa kibao cha kwanza cha maelezo chini ya kioo. Lililokuwa geni ni jambo jingine, nalo ni ruhusa ya mpita njia yeyote, mwenye nasaba na asiye nayo, kuingia ndani na kutazama. Kwa sababu hiyo tarehe ya makumbusho ya pwani ni tarehe ya milango: nani aliifunga, nani aliifungua, na nini kilizidi au kupungua siku ilipofunguliwa.

Tuanze na nyumba ya mawe ya Lamu, kama ilivyojengwa katika karne ya 18, wakati neema ya biashara ilipokuwa imeishukia miji ya kaskazini. Kuta zake zilikuwa za matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kuwa hazikuweza kuvuka nafasi iliyozidi sana mita mbili na nusu au tatu, zilivilazimisha vyumba viwe vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine. Mgeni wa kawaida aliishia dakani, penye mabaraza ya mlangoni. Aliye karibu zaidi alikaribishwa kiwandani, yaani uani, na katika vyumba virefu viitwavyo misana. Na mbali na macho ya wote hao, katika chumba kiitwacho ndani, alipokaa bibi mwenye nyumba, ndipo ulipokuwapo ukuta wa zidaka. Huo ulikuwa ni ukuta uliojaa vishubaka vidogo, safu juu ya safu, vilivyozungushiwa nakshi zilizochongwa katika lipu ya chokaa kwa mkono usiotetemeka, na ndani yake zilisimama sahani na bakuli za kauri zilizovuka bahari kutoka Uchina na Uajemi, pengine pamoja na vitabu na vitu vingine vya thamani. Baadhi ya vishubaka havikuwa na kina cha kutosha kwa matumizi yoyote ya nyumbani, jambo linalodhihirisha kuwa fundi hakuvikusudia viwe kabati, bali viwe mahali pa kutazamwa.

Na watazamaji walikuwako, ijapokuwa walikuwa wachache. Bibi arusi alipoonyeshwa kwa wanawake walioalikwa, alionyeshwa mbele ya fahari ya aina hiyo, na macho ya wageni yalipokwisha kumtazama yeye yalipanda ukutani kupima ukoo wake kwa hesabu ya kauri. Iliaminiwa pia kuwa vyombo hivyo huikinga nyumba na husuda. Hivyo kitu kimoja kilifanya kazi tatu kwa wakati mmoja: kilipamba, kilitangaza nasaba, na kililinda, na mtu anayekitenga leo katika kazi mojawapo, akasema kuwa hili ni pambo tu, amekipunja theluthi mbili za maana yake.

Kauri hizohizo zilitoka nje ya nyumba zikawafuata wenyewe makaburini. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, yalijengwa makaburi yenye nguzo za mawe, na katika nguzo na kuta zake wakapachika sahani na bakuli za Kichina, zikimeta juani mbele ya kila apitaye. Sahani nyingi zimekwisha kung'olewa, na pahali pake pamebaki vishimo vya mviringo. Lakini hata vishimo hivyo ni ushahidi kuwa watu wa mwambao waliufahamu uzuri wa kitu kilichowekwa hadharani, na waliufanya kuwa sehemu ya kumkumbuka maiti.

Kuliko kauri zote, kitu kilichobeba hadhi ya dola ni siwa, baragumu kubwa lisilopulizwa kwenye ncha, bali kwenye tundu lililotobolewa ubavuni. Mbili zilizo mashuhuri zimo katika makumbusho ya Lamu: moja ni ya Pate, ya pembe za ndovu, yenye urefu wa kadiri ya mita mbili, na ya pili ni ya Lamu yenyewe, ya shaba, iliyosubiwa kwa kalibu ya nta, ambayo huyeyuka na kuiachia shaba nafasi yake. Siwa haikuvuzwa ovyo. Ilivuzwa katika arusi na tohara za waungwana na katika mambo makubwa ya mji, na aliyenyimwa siwa katika sherehe yake alikuwa ametangaziwa mbele ya watu wote kuwa hana daraja hiyo. Tarehe ya Pate, iliyohifadhiwa kwa mapokezi ya midomo kabla ya kuandikwa, yasimulia habari za Mwana Darini, bibi wa ukoo mtukufu, ambaye sultani alimnyima siwa ya ufalme alipoitaka kwa sherehe ya mwanawe. Naye badala ya kulia au kubembeleza alimwita fundi hodari aitwaye Mwenyi Bayayi, akampa pembe za ndovu na mahali pa faragha, akamwamuru amchongee siwa yake mwenyewe. Siku ya sherehe siwa mpya ikavuma, na mji ukajua kuwa mwanamke amejibu. Iwapo kila neno la masimulizi haya limetukia kama lilivyopokewa au la, yatufundisha thamani ya kitu hiki machoni pa wale waliokitumia: palikuwa na uchongaji wa hali ya juu, na nyuma ya uchongaji palikuwa na ugomvi wa haki na cheo.

Unguja nako Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji aliyekuwa na kasri yake Dunga, alikuwa na ngoma zake na siwa yake, alama za utawala wake ambazo hakuna mwingine aliyethubutu kuzimiliki. Wa mwisho katika watawala hao alifariki mwaka 1873, na kiti chake hakikurithiwa. Ngoma na siwa zikabaki bila mwenyewe, kama zilivyobaki bila wenyewe zidaka nyingi za Pate zilizoachwa katika magofu. Hapo ndipo ulipoanza upande wa pili wa hadithi yetu. Dola za pwani ziliingia chini ya himaya ya Waingereza. Utumwa, uliokuwa mhimili wa utajiri wa waungwana, ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliivuta biashara kwenda bandari ile, ikaziacha bandari ndogo za kaskazini zikisinzia. Nyumba zilizokuwa zikinunua kauri zikawa zinauza kauri. Milango ya nakshi, viti vya enzi vyenye njumu za pembe na migongo iliyosukwa kwa nyuzi, na sahani zilizorithiwa na vizazi vingi vilichukuliwa na wafanyabiashara na wageni waliovipenda, vikaenda kupamba nyumba za mbali ambako hakuna aliyejua vilikuwa vya nani.

Katika hali hiyo makumbusho hayakukosa faida. Unguja ilifunguliwa mwaka 1925 nyumba ya Beit el Amani, jengo jeupe lenye makuba lililobuniwa na J. H. Sinclair kuwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na humo zikawekwa ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu. Mombasa, Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ilikuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hata mwaka 1958 ilipotangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa kitaifa. Na kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian na juhudi za James Kirkman, aliyekwisha kuyafukua magofu ya Gedi, mlango wake ulifunguliwa kwa watazamaji mwaka 1960. Lamu ilipata makumbusho yake mwaka 1971, katika nyumba ya ufukweni iliyojengwa mwaka 1891 na Liwali Abdalla bin Hamed, ikakaliwa mwaka uliofuata na kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani, kisha na maofisa wa serikali ya kikoloni mpaka mwaka 1963. Ngome ya Lamu, iliyoanza kujengwa baada ya vita vya Shela, nayo ilikuwa gereza hata mwaka 1984. Na kasri ya masultani wa Unguja ilifanywa makumbusho mwaka 1994, yenye chumba kizima kilichotengwa kwa Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyeandika habari za maisha yake.

Anayeyapita majina haya mfululizo ataona jambo moja lililo dhahiri: takriban nyumba zote hizi zilikuwa za kutawalia au za kufungia watu. Pwani haikujenga makumbusho mengi kutoka msingi. Iliyapata kwa kurithi majumba ya nguvu yaliyokwisha kazi yake. Kwa hiyo jengo lenyewe ni la kwanza kutazamwa. Katika Ngome ya Yesu, kabla ya kuinamia masanduku ya kioo yenye vyombo vilivyotolewa chini ya bahari katika mabaki ya Santo António de Tanná, marikebu ya Kireno iliyozama mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa ngomeni, yafaa mtu asimame mbele ya kipande cha lipu ambacho mabaharia wa Kireno walichora juu yake marikebu, samaki na sura za watu. Michoro ile haikuamriwa na mfalme wala padri. Ni ya watu waliochoka kungoja, na labda kwa sababu hiyo yasema zaidi kuliko mizinga.

Katika makumbusho ya Lamu, vivyo hivyo, mtazamaji asiye na haraka hufaidika kwa kufuata mpango wa nyumba ya kale badala ya mpango wa masanduku. Atazame kwanza mifano ya vyombo vya bahari, hasa mtepe, uliofungwa mbao zake kwa kamba bila msumari, kwa kuwa pasipo vyombo hivyo na pepo za kaskazi na kusi kauri isingefika. Kisha aende kwenye mapambo na viti, ajiulize nani alikalishwa hapo na nani alisimama. Na mwisho afike kwenye siwa. Akiwa na wasaa, aingie pia katika nyumba ya Kiswahili iliyotengenezwa upya mjini humo, apate kuona zidaka zikiwa mahali pake, ndani kabisa. Kitu kilekile kilichong'olewa kikawekwa peke yake mezani huonekana kizuri. Kikiwa mahali pake huonekana kizuri na chenye sababu.

Haifai kuficha yaliyopotea. Siwa katika kioo haivumi, na aliyetenganishwa na sauti yake amepewa nusu ya kitu. Wala kioo si kinga ya milele: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883 lililokuwa limefanywa makumbusho, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Vitu vilivyokwisha kuokolewa kutoka kwa wafanyabiashara vinaweza kupotezwa na boriti iliyooza na bajeti iliyochelewa.

Pamoja na hayo, mizani ikiinuliwa, naona faida imeizidi hasara. Wavuzaji wa siwa mara nyingi walikuwa watumwa au watoto wa watumwa wa wale waliosherehekewa. Pumzi ilikuwa yao, heshima ilikuwa ya mwingine. Chumba cha ndani hawakukiingia ila kwa kutumwa, na ukuta wa zidaka waliutazama ili waufute vumbi. Leo mjukuu wa mvuzaji na mjukuu wa aliyevuziwa huingia kwa mlango mmoja na tikiti moja, na yeyote kati yao ana haki ya kuuliza kwa sauti ni mikono ya nani iliyochonga, iliyosubu na iliyobeba. Maswali hayo vibao vya maelezo havijibu yote, kwa kuwa majibu mengine yangali vichwani mwa wazee wa mitaani. Basi aendaye makumbusho na amchukue mzee mmoja pamoja naye, amwache atembee kwa mwendo wake, na amsikilize.