Nani Yumo Ndani ya Namba 109?

Mwangalie mpiga kibodi wa harusi za mjini. Anabonya kitufe, kibodi inakuwa piano. Anabonya kingine, inakuwa filimbi, mara tarumbeta, mara kundi zima la fidla. Watu wanacheza, bibi harusi analia, na hakuna anayeuliza hao wapiga fidla wamejificha wapi.

Sauti hizo zina namba. Mpango wake unaitwa General MIDI, watengenezaji wa vyombo waliukubali mwaka 1991, na una sauti 128. Namba 1 ni piano. Namba 41 ni fidla. Kuanzia 105 hadi 112 ni fungu la ala za "kikabila", na humo namba 109 ni kalimba. Marimba namba 13, banjo namba 106 na agogo namba 114 zina damu ya Afrika, sawa, lakini zilifika kwenye orodha zikiwa zimekwisha kupitia Amerika. Kalimba ndiyo iliyokwenda moja kwa moja. Na hata hiyo, jina lake lilienea duniani kupitia Hugh Tracey, Mwingereza aliyeanza katika miaka ya 1950 kuuza kutoka Afrika Kusini kalimba za kiwandani, zilizotuniwa zifuate do-re-mi ya piano.

Basi swali langu, ndugu msomaji, ni hili: ala ikiingizwa ndani ya faili, nani anaamua iingie namna gani? Tukiifuata historia tutaona kwamba mara nyingi aliyeamua siyo mpigaji. Ni mhariri.

Tuanzie Afrika, maana huko nako kuna mwanzo ambao wengi hawaufahamu. Mwaka 1944 mjini Cairo, kijana Halim El-Dabh alichukua mashine ya kurekodi kwenye waya, akarekodi ngoma ya zaar ya kutibu watu wenye pepo. Akairudisha sauti studio, akaichezea mwangwi, akaondoa baadhi ya sehemu zake, kikatoka kitu kipya. Hiyo ni miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kuanza majaribio yake yaliyosifika mjini Paris mwaka 1948. Sauti iliyorekodiwa ilikuwa imegeuka udongo wa kufinyangia.

Hatua ya pili ilikuwa kuuweka udongo huo chini ya vidole. Huko Marekani Harry Chamberlin alishatengeneza kinanda cha kanda, na mwaka 1963 Waingereza wa Birmingham wakatoa cha kwao, Mellotron. Kila kitufe kilikuwa na utepe wake wa sumaku. Ukibonya, utepe unapita kwenye kichwa cha kusomea na fidla za kweli zinalia. Ukiachia, springi inaurudisha mwanzo. Lakini utepe ulikuwa na sekunde 8 hivi tu. Zikiisha, kimya. Mpigaji alilazimika kuhamisha vidole kabla ya pumzi ya mashine kukata. Filimbi zinazofungua wimbo wa Beatles wa "Strawberry Fields Forever" wa mwaka 1967 ni za mashine hiyo. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliingiwa na hofu, na si bure: kama fidla zimo ndani ya sanduku, mpiga fidla atakula wapi?

Mwaka 1979 huko Sydney, Australia, Peter Vogel na Kim Ryrie wakatoa Fairlight CMI. Hapa utepe ukafa, sauti ikawa tarakimu. Lakini kila sauti ilipewa kumbukumbu ya kilobaiti 16, na kwa ubora wa juu hiyo haifiki hata sekunde moja. Sasa, washikaji, ndani ya sekunde moja utaweka nini? Mtu mmoja akaweka kishindo kimoja cha okestra, alichokikata kwenye sahani ya santuri ya "Firebird" ya Stravinsky. Kishindo hicho kikaingia kwenye maktaba ya mashine, na mwaka 1982 kikalipuka kwenye "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa kule New York. Okestra nzima ikawa ngumi moja ya hip hop.

Ufinyu huo ndio uliozaa ufundi. Emulator ya kampuni ya E-mu, mwaka 1981, ilibeba sekunde 2 hivi kwa kila nusu ya kibodi. Ukitaka noti idumu zaidi ya hapo unafanya lupu: unatafuta kipande kidogo katikati ya sauti, unakizungusha kinajirudia, na sikio linadanganyika kwamba mpigaji bado anapuliza. Ukikosea pa kukata unasikia "tk, tk, tk" kama gurudumu lenye pancha. Tena huna nafasi ya kurekodi kila noti, kwa hiyo unarekodi moja na kuitandaza juu ya vitufe vingi. Ukiipandisha oktava moja inakwenda mbio mara mbili, na mzee mwenye sauti nzito anakuwa katuni.

Hapo ndipo kazi ya mhariri wa faili ilipozaliwa. Anaamua kitufe kipi ni cha asili ya sampuli, itandazwe hadi wapi, lupu ianzie wapi, na sauti izimike haraka au polepole. Ni kazi inayofanana na yetu sisi waandishi: kuchagua, kukata, kuunganisha, na kuficha mshono.

Na mshono ukifichwa vizuri, mtu naye anafichika. Emulator II, ya mwaka 1984, ilikuja na diski za sauti, na mojawapo ilikuwa shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Wajapani. Peter Gabriel akaitumia kufungua "Sledgehammer" mwaka 1986, na katika miaka hiyo pumzi hiyo hiyo ikasikika kwenye nyimbo na filamu kibao. Dunia ilijua jina la mashine. Waliolijua jina la mwenye pumzi walikuwa wachache.

Kisha mambo yakashuka hadi kwa watu wa kawaida. Mwaka 1994 kampuni ya Creative, ambayo tayari ilikuwa imeinunua E-mu, ilitoa kadi ya kompyuta iitwayo Sound Blaster AWE32. Ilikuwa na kilobaiti 512 za kuwekea sauti zako mwenyewe, na ungeweza kuongeza hadi megabaiti 28. Faili zake ziliitwa SoundFont. Mwanafunzi mwenye kompyuta na maikrofoni aliweza kurekodi sufuria ya mama yake na kuipiga kama ngoma. Mwaka 1998 programu ya GigaSampler ikavunja ukuta uliobaki, kwa kuicheza sauti moja kwa moja kutoka diski ngumu. Mwaka 2002 ikaja Kontakt ya Wajerumani. Sasa piano moja inabeba maelfu ya rekodi: kila noti, pigo la taratibu na pigo la hasira, hata mlio wa kanyagio.

Ukuta umevunjwa, lakini mazoea yamebaki. Noti bado zinanyooshwa zifuate piano. Mivumo bado inasafishwa. Kwa piano hakuna kinachoharibika. Hebu sasa tuweke mezani ilimba ya Wagogo.

Ilimba ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma, ndugu wa karibu wa kalimba. Lakini mfumo wa muziki wa Wagogo, kama wataalamu akina Gerhard Kubik walivyoueleza, umejengwa juu ya ngazi ambayo sauti huipanda yenyewe kwa asili, kuanzia hatua ya nne hadi ya tisa. Piano haikujengwa hivyo. Piano hugawa oktava katika nusu-toni 12 zilizo sawasawa, na kila nusu-toni ina senti 100. Hatua ya tano ya ngazi asilia iko chini ya noti ya piano kwa senti 14. Hatua ya saba iko chini kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu-toni. Mhariri asiyejua, akiona kwenye skrini kwamba noti "imeshuka" kwa senti 31, atafanya nini? Atairekebisha. Atadhani amemsaidia mzee. Kumbe amefuta lafudhi yake, sawa na mhariri wa gazeti anayemsahihisha Mpemba aongee kama mtu wa Ilala.

Halafu kuna mvumo. Kwenye tundu la sanduku la ilimba hubandikwa utando wa buibui, makusudi, ili sauti inapotoka itetemeke na kunguruma kidogo. Fundi wa studio anaita kelele. Ana programu ya kuondoa kelele, na vidole vinamwasha. Akishaondoa, akaweka na lupu fupi ili faili liwe jepesi, kilichobaki ni kengele nzuri isiyo na kwao. Unaweza kuiita namba 109.

Wapo watakaosema: mbona vijana wetu wanasampo siku nyingi? Kweli kabisa. Singeli ilikua Manzese na Tandale kwa vijana kuchukua vipande vya taarab na kuvikimbiza hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Hiyo inatisha, na nawavulia kofia. Lakini kipande cha wimbo na faili la ala ni vitu viwili. Kipande kinabeba wimbo uliokwisha kupigwa. Faili la ala linabeba sauti za kupigia nyimbo ambazo bado hazijatungwa.

Ndiyo maana naona kuna jambo zito hapa. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na mwalimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alifariki mwaka 2003. Bahati nzuri aliacha albamu, ikiwemo "Chibite" ya mwaka 1996, iliyotolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel yuleyule wa shakuhachi. Tunaweza kumsikiliza. Lakini albamu haikupi noti moja moja, zikiwa peke yake, zikipigwa taratibu na kwa nguvu, kwa tuni yake mwenyewe. Hiyo inatakiwa kufanywa mpigaji akiwa hai, ameketi mbele ya maikrofoni, na yeye ndiye anayesema "hapo sawa" au "hapo bado".

Na vifaa vipo, tena bure. Polyphone inahariri SoundFont bila kulipa senti tano. Lakini ninayoipenda zaidi ni aina ya faili iitwayo SFZ, kwa sababu ni maandishi matupu. Unalifungua kwa programu ya kuandikia barua. Mstari huu unataja rekodi, unaofuata unataja kitufe, mwingine unataja senti za kupandisha au kushusha. Kama rekodi ni ya mzee mwenyewe, nafasi ya senti unaiacha sifuri, naye anabaki na tuni yake. Kama umerekodi noti moja tu na unataka kuitandaza hadi hatua ya saba, unaandika kutoa 31. Ndiyo, wenzangu mnaoandika hadithi na mashairi: hii ni ala unayoiandika. Na kwa kuwa ni maandishi, juu kabisa kuna nafasi ya kuandika jina la aliyepiga, kijiji chake, aliyeitengeneza ala, na makubaliano yenu kuhusu malipo.

Usipake rangi mvumo. Usinyooshe tuni ya mtu kabla hujamuuliza. Lupu ikikukatalia, acha noti ife yenyewe, kama inavyokufa mikononi mwake. Orodha ya 1991 ilikwisha kuandikwa na namba zake 128 zimejaa. Ya kwetu bado ni karatasi tupu, na wazee hawatusubiri.